Maziwa hayasubiri mtu: hotuba kwa wasindikaji wadogo

Ndugu zangu wasindikaji, wafugaji, na ndugu zetu wa usafirishaji ambao naona mmekaa nyuma kabisa na ningeomba msogee mbele maana nusu ya maneno yangu leo yanawahusu nyinyi, wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Mada niliyopewa ni ndefu, wameandika kuboresha ufanisi wa mnyororo wa ugavi kwenye usindikaji mdogo wa maziwa, na mi naomba niivue koti niiseme hivi: hela nyingi za kiwanda kidogo zinapotelea njiani, kabla maziwa hayajagusa mlango wa kiwanda, na kitu chenyewe kinachopotea ni masaa.

Maziwa yanatoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 37, 38 hivi. Hilo ndo joto ambalo bakteria wanalipenda kuliko lote. Mungu ameweka kinga humo humo ndani ya maziwa mabichi, inazuia bakteria kwa masaa machache ya mwanzo, na kadiri maziwa yanavokaa kwenye joto ndo kinga inavoisha upesi. Ikishaisha, kuna bakteria wanajizidisha mara mbili kila dakika 20 mpaka 30. Fanyeni hesabu na mimi, chukua ile ya dakika 30, bakteria mmoja tu, masaa 6. Hiyo ni mara mbili, mara mbili, mara mbili, mara 12. Jibu ni 4,096. Mmoja amekuwa 4,096 wakati dumu limekaa tu pale njiani linasubiri gari, na hamna maziwa yanayoanza na bakteria mmoja.

Kuna mtu atasema si tunapasteurisha. Ndio, tunapasteurisha, nyuzi 63 kwa dakika 30 kwa wale wa pipa, au nyuzi 72 kwa sekunde 15 kwa wale wenye mashine ya kupitisha, na hiyo inaua vijidudu vya magonjwa, kazi kubwa na ya lazima. Lakini moto hauondoi uchachu ulioshaingia. Hauondoi harufu. Na kuna bakteria wanakufa wao lakini vimeng'enya walivoviacha, zile kemikali zao za kumeng'enyea chakula, havifi, vinaendelea kula mafuta na protini ndani ya paketi yako iliyokwisha kupigwa lebo, alafu mteja anafungua siku ya tatu anakuta uchungu na anakulaumu wewe, wakati kosa lilifanyika siku tatu nyuma kwenye dumu la mtu. Maziwa yakishaharibika hayarudi, ni kama maji yaliyomwagika.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nimeyalipia. Sisi tulianza na kiwanda kidogo, tukawa kila wiki tuna maziwa tunayoyakataa, na maziwa tunayoyapokea yanakatika kwenye moto, tukaamua tatizo ni mashine. Tukakopa tukanunua pasteuraiza kubwa zaidi. Mashine nzuri, sina neno nayo, na hasara ikabaki pale pale. Ndo siku moja mwenzangu akasema, hebu tuache kuangalia mashine, tulifuate dumu moja. Tukachukua themomita, daftari na saa, tukaamka usiku tukaenda mpaka kwa mfugaji wetu wa mbali.

Nisomee kilichoandikwa kwenye lile daftari. Kukamua kumeanza saa 11:10 alfajiri. Dumu limefika njia kuu saa 11:45. Gari letu, la kwetu wenyewe, limefika kulichukua saa 1:50 asubuhi, na dumu muda wote huo limekaa pembeni ya barabara, mpaka jua likachomoza likalikuta pale pale. Kiwandani limeingia saa 3:05, likakaa kwenye foleni ya kupokelewa mpaka saa 3:50, na maziwa yamefika nyuzi 4 ndani ya tenki saa 6:20 mchana. Masaa 7 na dakika 10. Na kwenye hayo masaa 7 gari lilikuwa linatembea na lile dumu saa 1 na robo tu. Yaliyobaki karibu yote ni kusubiri. Sisi tulikuwa tunalalamika barabara mbovu, dereva mzembe, kumbe barabara ilikuwa na sehemu ndogo kabisa ya lawama.

Kipimo tunachokitaka ni maziwa yafike nyuzi 4 ndani ya masaa 2 baada ya kukamuliwa, au karibu na hapo kadiri unavoweza. Kwa mzigo unaotoka kwa wafugaji wengi wadogo wadogo ni kazi ngumu, nakubali. Lakini angalia tulichokifanya bila kutoa hata senti. Kwanza tuligeuza njia ya gari. Zamani lilikuwa linaanza kwa wafugaji wa karibu na kiwanda, linakwenda mpaka mwisho, alafu linarudi, kwa hiyo maziwa ya jirani yetu wa hapa hapa yalikuwa yanatembezwa njia nzima kwenda na kurudi kama abiria aliyepitwa na kituo. Tukasema gari litoke tupu mpaka mwisho wa njia, lianze kukusanya kule, likija linarudi. Pili, na hili ndo lilikuwa na faida kubwa, tulikaa na wafugaji tukapanga saa ya kukamua ifuate saa ya gari. Yule ambaye gari linamfikia saa 1:50 ana sababu gani ya kukamua saa 11? Amekamua hivo kwa sababu baba yake alikamua hivo, na kwa sababu hamna mtu aliyewahi kumwambia gari linafika saa ngapi kwa uhakika. Tukampa saa, na tukaishika hiyo saa. Ng'ombe anazoea ratiba mpya ndani ya siku chache ukimsogeza taratibu, ila gari likivunja ahadi mara mbili tu, mfugaji anarudi kwenye ratiba yake ya zamani na hakusikilizi tena. Kwa hiyo nyinyi madereva, ndo maana nimewaita mbele. Dakika zenu ni maziwa.

Sasa dumu lenyewe. Naomba hapa mnivumilie nikae kidogo.

Tulikuwa tunapokea kwa madumu ya plastiki, yale yale ya mafuta ya kula, mdomo mwembamba. Yanaoshwa kila siku, nimeshuhudia kwa macho yangu, maji, sabuni, yanatikiswa, yanamwagwa, na ukiweka pua mdomoni hunusi kitu kibaya sana. Siku moja nikachukua msumeno nikalikata moja katikati kwa urefu. Ndani kwenye kona ya chini, na nyuma ya mkono wa dumu pale ambapo ni kama bomba dogo, kulikuwa na utando wa rangi ya njano, unateleza kwa kidole, na ukiukwaruza kwa kucha unatoka vipande kama nta. Harufu yake sitaielezea. Na kwenye ukuta wa plastiki mikwaruzo midogo midogo imejaa weupe, kila mkwaruzo ni nyumba ya bakteria ambayo brashi haiingii, na hata hivo brashi gani, mkono wenyewe hauingii kwenye ule mdomo. Kila asubuhi maziwa safi kutoka kwenye kiwele yalikuwa yanamwagwa juu ya ule utando. Unaweza ukawa na ng'ombe msafi, mkamuaji msafi, gari la haraka, na bado unayapandikiza uchachu maziwa yako mwenyewe.

Nendeni kwenye keni za aluminiamu au za chuma kisichoshika kutu, zenye mdomo mpana mkono unaingia mpaka chini. Najua bei inauma. Sisi tulikata kidogo kidogo kwenye malipo ya mfugaji kwa makubaliano mpaka keni ikawa yake, na mtu akishamiliki keni anaitunza. Na kuosha kuna utaratibu wake: suuza kwanza kwa maji ya baridi au vuguvugu, mara tu baada ya kumwaga maziwa, kwa sababu ukianza na maji ya moto protini inaganda inashika ukutani. Alafu maji ya moto na sabuni na brashi, alafu suuza tena, alafu igeuzwe kichwa chini kwenye kichanja ikauke kabisa. Keni iliyofunikwa ikiwa na unyevu usiku mzima ni sawa na dumu.

Tukija mlangoni kwenye kupokea. Wengi hapa mnanunua kwa kilo na kuuza kwa lita, au kinyume chake, na hamjakaa kuipiga hesabu. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kama kilo 1.03. Lita 1,000 ni kama kilo 1,030. Ukilichanganya hilo kwenye vitabu, asilimia 3 ya mzigo wako wote inaonekana au inapotea kwenye karatasi, na mtamtafuta mwizi ambaye hayupo. Na ukipima kwa ndoo ya lita, povu nalo unalilipia. Mizani jamani, mizani haisomi povu.

Laktomita, kile chombo kinachoelea kwenye maziwa kupima uzito wake ukilinganisha na maji, kila mtu anayo, na ni kitu kizuri, maziwa mazima yanasoma kama 1.028 mpaka 1.032 kwenye joto la kipimo. Lakini msiiamini peke yake. Mtu akiongeza maji namba inashuka, mtu akitoa krimu namba inapanda, sasa akitoa krimu alafu akaongeza maji namba inarudi pale pale na laktomita inakuambia maziwa hayana shida. Ndo maana kipimo cha mafuta ni muhimu. Kabla ya mwaka 1890, Stephen Babcock alipotoa kipimo chake cha mafuta kule Wisconsin, Marekani, maziwa ya wengi yalilipwa kwa uzito tu, na mwenye kuongeza maji alikuwa analipwa kumzidi mwaminifu. Muda mfupi baadaye Gerber wa Uswisi akaleta chake ambacho wengi wetu tunakitumia mpaka leo. Hebu fikirini, zaidi ya miaka 130 kipimo kipo, na bado kuna viwanda vinalipa bei moja kwa maziwa mazito na kwa maji meupe.

Kipimo cha spiriti kifanyike kwenye kila keni, maziwa kidogo na spiriti kiasi hicho hicho, yakiganda vipande vipande hayo hayatavumilia moto, yameshachacha, au ni ya dang'a, au kiwele kinaumwa. Kila keni, kabla haijamwagwa tenkini. Nasisitiza kabla, kwa sababu keni moja ya lita 40 ikiingia kwenye tenki la lita 800 umeshaharibu za watu wote.

Na dawa. Kuna siku tulitia kalcha, yaani wale bakteria wa kugandisha mtindi, kwenye maziwa ya mtindi, joto sahihi, nyuzi 43, tukasubiri masaa 4, 6, 8, yamebaki maji. Mzigo mzima. Tulilaumu kalcha, tukalaumu umeme. Ilikuwa antibayotiki, mfugaji mmoja amemtibu ng'ombe wake ugonjwa wa kiwele akaendelea kuleta maziwa bila kumaliza siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, na bakteria wa mtindi wanakufa au wanazubaa kwa penisilini kidogo sana. Tulipomuuliza alisema hajawahi kuambiwa na mtu, alikuwa anaogopa kukosa hela ya wiki ile. Sikumfukuza. Tuliweka utaratibu kwamba mwenye ng'ombe mgonjwa atoe taarifa, maziwa yamwagwe, na tunamlipa sehemu ya thamani yake. Ni rahisi mno kuliko kumwaga mtindi wa tenki zima. Na toka siku ile tunaweka chupa ndogo ya sampuli ya kila mfugaji kwenye friji mpaka mzigo wa siku ile uwe umetoka salama, tatizo likitokea tunajua lilipotokea, hatumnyooshei mtu kidole kwa kuhisi.

Hapo ndo nakuja kwenye malipo, na wenzangu wenye viwanda mtanisamehe. Mfugaji aliyecheleweshewa hela yake ndo anayeuza maziwa mazuri ya asubuhi kwa mchuuzi wa pesa taslimu na kukuletea wewe yaliyobaki. Tusimshangae, ana watoto. Mwaka 1946 wafugaji wa Kaira kule Gujarat, India, walianzisha ushirika wao ambao baadaye dunia ikaujua kwa jina la Amul, wengi wao ni watu wa ng'ombe au nyati wachache tu, na kilichoubeba ni kwamba maziwa yanapokelewa karibu na mtu, asubuhi na jioni, yanapimwa mafuta hapo hapo, analipwa kwa kipimo na kwa uhakika. Mtu mwenye uhakika wa malipo anakubali kubadilisha saa ya kukamua. Asiye na uhakika hakubali hata kubadilisha dumu.

Upoaji sasa, nitapita haraka kidogo. Kabla hujanunua mashine kubwa ya ubaridi, angalia maji yako. Kupoza lita 100 kutoka nyuzi 35 mpaka 4 kwa barafu, hesabu ya karatasini inatoa kama kilo 37 za barafu, na kwa hali halisi weka zaidi maana joto linaingia kila upande. Lakini ukiyapitisha maziwa kwanza kwenye kipozeo cha sahani au hata koili iliyozama kwenye maji ya kisima, yakashuka mpaka nyuzi 20, unabakiwa na kilo kama 19. Karibu nusu ya umeme imeokolewa na maji ambayo utayatumia baadaye kuoshea sakafu. Na msimwage maziwa ya moto juu ya maziwa ya jana yaliyopoa bila kuyapoza kwanza, tenki zima linapanda joto na yale ya jana yanaanza kuzeeka upya. Ubaridi nao una mwisho, kuna bakteria wanaokua taratibu hata kwenye nyuzi 4, kwa hiyo kulaza maziwa mabichi siku tatu kwa kujivunia tenki jipya ni kujidanganya.

Ndani ya kiwanda nitasema kitu kimoja, kila keni ikimwagwa haraka haraka inabaki na maziwa kidogo chini. Tukapima, kama mililita 100. Keni 50 kwa siku ni lita 5, mwaka mzima ni lita 1,825, zinakwenda kwenye mtaro, na huko mtaroni unalipa tena kuzisafisha. Tulichofanya ni kutengeneza kichanja cha chuma kilichoinama, keni inakaa kichwa chini nusu dakika juu ya sinia safi kabla ya kwenda kuoshwa. Haba na haba. Alafu kila jioni andikeni yaliyoingia, yaliyotoka kama bidhaa, na yaliyopotea, hizo tatu zikikataa kulingana msilale.

Vifungashio vimefunga viwanda vingi kuliko ukosefu wa maziwa. Tumewahi kukaa na mtindi tayari kwenye tenki na vikombe vimejaa stoo, vifuniko hakuna, kwa sababu aliyeagiza vikombe alidhani vifuniko vinakuja pamoja. Chukua unachotumia kwa siku, zidisha na siku anazotumia sapulaya kukuletea kwa siku mbaya, siyo siku nzuri anayokuahidi, ongeza akiba ya siku kadhaa, na hiyo namba uiandike kwenye ukuta wa stoo kwa chaki. Rafu ikifika hapo unaagiza, bila kusubiri bosi arudi. Kalcha ihesabiwe hivo hivo, na spea ya pampu, ile mipira midogo ambayo ikikatika kiwanda kizima kinasimama.

Upande wa soko, kosa letu wengi ni kusindika kwa hisia. Duka likiuza sana wikendi moja linaongeza oda, msambazaji akiona oda imepanda naye anaongeza yake juu, ikifika kwetu tunadhani mji mzima una kiu, tunasindika mara mbili, wiki inayofuata bidhaa zinarudi zimekwisha muda. Muulizeni muuzaji wa mwisho ameuza ngapi kwa mteja, msiishie kwenye oda. Na kwenye chumba cha baridi kitoke kwanza kinachokaribia kuisha muda, hata kama kiliingia jana.

Msimu wa majani maziwa yanafurika na hapo ndo watu wanawakatalia wafugaji, alafu kiangazi wanawabembeleza. Mi naona ni afadhali ziada iende kwenye vitu vinavyokaa, samli, jibini gumu. Jibini linakula kama lita 10 za maziwa kwa kilo moja, kwa hiyo unapunguza mzigo wa kusafirisha na kuhifadhi mara 10, na linakusubiri. Ila yale maji yanayobaki, karibu lita 9, msiyamwage mtoni, yanaua samaki kwa kula hewa yote ya maji. Nguruwe na ndama wanayanywa vizuri tu yakiwa mabichi ya siku hiyo.

Naona mwenyekiti ananionesha saa. Lile dumu nililolikata kwa msumeno nimekuja nalo, liko pale kwenye meza ya pembeni chini ya kitambaa, na daftari la siku ile liko pembeni yake. Pitieni mliangalie, mguse kwa kidole, madereva mtangulie, alafu tukirudi kukaa tuanze maswali.